Kesho Kuna Mvua?

Kwenye kibanda cha PS nyuma ya stendi ya Kitui, sheria ilikuwa moja: mshindi anakaa. Ukishindwa unaamka, unampa mwenzako pedi, unarudi kwenye benchi kungoja zamu nyingine, kama bado una shilingi kumi mfukoni. Mimi niliamka sana. Nililipia mechi za FIFA ambazo zilikuwa zimeisha kabla sijajua goli langu ni lipi. Vijana wa mtaa wakanipa jina, Msimamizi, kwa sababu muda mwingi nilikuwa nimesimama.

Siku mojamoja, saa za mchana kibanda kikiwa kitupu, nilikuwa naomba niwekewe GTA San Andreas. Si ya kupigana. Nilikuwa natafuta baiskeli, naondoka mjini, napanda ule mlima mrefu wa Chiliad mpaka kileleni, nasimama pale natazama jua likizama. Basi. Mwenye kibanda alikuwa akinitazama kama mtu aliyelipa nauli ya Nairobi kisha akashuka Kabati. "Kijana, piga hata mtu mmoja, pesa yako inaisha."

Sasa nina miaka 27 na sijabadilika. Napenda gemu ambazo hakuna anayenihesabia mabao. Zile za kutembea polepole, kuongea na watu, kumwagilia mboga, kufuata hadithi ya mtu mpaka mwisho. Nacheza saa moja jioni, nafunga, nalala. Marafiki zangu wa Nairobi, wenye kompyuta zinazowaka taa kama disko, wananiambia hizo si gemu, ni usingizi wenye picha. Nimeacha kubishana nao. Lakini nataka kusimulia nilizichezea wapi, na ni nani alikuwa ameketi kando yangu, halafu uamue mwenyewe.

Mwaka wa 2022 nilikuwa nimemaliza diploma na kuchoka kutembeza CV. Familia ikafanya mkutano wa WhatsApp kuhusu Susu, mama ya baba yangu, ambaye sisi Wakamba humwita hivyo hivyo, Susu. Alikuwa ameanza kusahau. Mara mbili aliacha jiko likiwaka akaenda kwa jirani. Mbuzi mmoja alimuuza kwa watu wawili, na wote wawili wakaja kumchukua siku moja. Kila mtu kwenye kundi alikuwa na kazi yake, isipokuwa mimi. Anti aliniandikia vizuri, kwa upole, lakini maana ilikuwa: wewe si uko tu?

Nilikuwa niko tu. Nikafunga mkoba.

Kutoka Kitui kwenda kwa Susu unapanda matatu ya Kibwezi. Unapita Ikanga, Mutomo, Ikutha, unavuka Mto Athi, unaingia Makueni. Nikiwa mdogo barabara hiyo ilikuwa vumbi tupu. Ulikuwa unafika ukiwa na rangi ya matofali. Siku hizi ni lami. Boma la Susu liko kabla ya kufika Kibwezi mjini, upande wa kuelekea Athi, mahali ambapo mibuyu ni mingi kuliko nyumba. Kibwezi kwenyewe kuna chemchemi za maji, lakini huko kwetu maji yanakuja kwa punda.

Na mwaka huo hata punda walikuwa wamechoka. Mvua zilikuwa zimekataa tangu mwisho wa 2020. Ukambani sisi hutegemea zaidi mvua ya Oktoba hadi Desemba. Ile ya Machi ni ya bahati. Kufikia mwisho wa 2022 misimu mitano ilikuwa imepita mfululizo bila mvua ya maana. Shamba la Susu lilikuwa mabua ya zamani na mawe.

Nilibeba laptopu yangu, ThinkPad mtumba, ya kufanyia kazi za mtandaoni za kunakili sauti, ambazo zilikuwa zinakuja leo na kupotea wiki mbili. Haikuwa na nguvu. Gemu yoyote yenye mlipuko ingeiua. Nilikuwa naichaji sokoni kwa shilingi 20, na usiku natumia betri ya sola ambayo ilitosha taa mbili na masaa mawili ya laptopu. Mwaka huo M-Pesa walikuwa wameleta kadi ya Visa ya ndani ya simu, na kitu cha kwanza nilichonunua nayo, badala ya kitu cha maana, ni Stardew Valley. Dola 14.99, karibu shilingi 1,800. Sikumwambia mtu bei. Mpaka leo Anti anadhani ilikuja na laptopu.

Kama hujaicheza, iko hivi. Wewe ni kijana wa ofisi, umechoka. Babu yako alipokuwa anakufa alikuachia barua, akakuambia uifungue siku maisha yatakapokulemea. Unaifungua: amekuachia shamba kijijini. Unaenda. Shamba limejaa magugu na mawe. Meya anakupa mbegu 15, unaanza kulima. Hakuna adui wa lazima. Unapanda, unavua samaki, unasalimia majirani, unawapelekea zawadi, ukichoka unalala. Ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, Mmarekani, ambaye alikaa zaidi ya miaka minne peke yake akiandika programu, akichora na kutunga muziki wote, mpaka akaitoa Februari 2016. Kufikia 2024 ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 30. Kwa hiyo sisi wa usingizi wenye picha si wachache.

Nilikuwa naicheza jioni baada ya kula, nikiwa nimeketi kwenye kiti cha babu karibu na kitanda cha Susu. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, aliona mwanga na rangi tu. Usiku wa kwanza aliuliza, "Hiyo ni redio gani inapiga muziki bila maneno?"

Nikamwambia si redio, ni mchezo. Kuna kijana ameachiwa shamba na babu yake, sasa analima.

"Analima nini?"

Nikamwambia. Akanyamaza kidogo. "Na maji anatoa wapi?"

"Ana bwawa, Susu. Liko ndani ya shamba."

"Lake peke yake?" Akaketi kabisa. "Hebu endelea."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Mimi nikibonyeza, nikimsimulia kwa Kikamba kinachotokea, yeye akitoa amri. Kijana alipokata miti kumi asubuhi moja, Susu alitaka kujua kama chifu wa huko ni kipofu. Kitui walipiga marufuku biashara ya makaa mwaka wa 2018 na habari hiyo yeye bado alikuwa nayo kichwani vizuri, ingawa alikuwa amesahau kama amekunywa dawa. Nilipomwambia kwamba kuku wa huyu kijana lazima apapaswe kila siku ndiyo afurahi na kutaga vizuri, alicheka mpaka akakohoa. "Kuku apapaswe! Huyo atalala njaa."

Lakini kilichomshinda kabisa ni runinga. Ndani ya nyumba ya yule kijana kuna runinga, na kila siku unaweza kuiwasha ikuambie hali ya hewa ya kesho. Na haikosei. Ikisema mvua, kesho ni mvua.

"Kila mara?"

"Kila mara, Susu."

"Haisemi huenda?"

"Haisemi huenda."

Alikaa nalo hilo. Nje kulikuwa kukavu hata nzige wangepita bila kusimama. Tangu usiku huo likawa swali lake. Kuna siku alisahau jina langu, kuna siku alisahau kama tumekula, na karibu kila jioni ilibidi nimwanzishie hadithi upya: kijana, barua, shamba. Lakini nikifungua tu laptopu na ule muziki uanze, alikuwa anauliza, "Kesho kuna mvua?" Na mimi nawasha ile runinga, namwambia. Ikiwa ni mvua, anasema "Haya" na kugeuka alale, kama mtu aliyemaliza kazi ya siku.

Pia alimpenda Linus. Linus ni mzee anayeishi kwenye hema chini ya mlima, nje ya mji. Wengine wanamcheka. Susu hakuelewa mji gani una nyumba nyingi hivyo na mzee analala kwenye hema. Nikamweleza kwamba mwenyewe amechagua, hata ukimkaribisha anakataa. "Basi mpelekee chakula huko huko," akasema. Linus anapenda sana viazi vikuu. Vinapandwa majira ya vuli ya kule, na Susu aliniagiza nipande mstari mzima, wa Linus peke yake. Nikapanda. Nikampelekea. Kuna jamaa mtandaoni aliwahi kuona shamba langu akaniambia napoteza mapato, kwamba vuli ni ya kupanda zao lenye faida zaidi. Ningemweleza nini?

Nadhani hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sikuwahi kufaa kwenye kile kibanda cha Kitui. Kule mchezo ulikuwa kati yangu na mtu aliyeketi kando, mmoja lazima aamke. Huku mtu aliyeketi kando alikuwa ndani ya mchezo pamoja nami. Hatukuwa tunashindana na yeyote. Na muda wote huo ilikuwa ni hadithi tu, ile kazi ya jioni ambayo yeye alikuwa akitufanyia sisi wajukuu zamani, sasa mimi nikiwa ndiye msimuliaji. Marehemu Profesa John Mbiti, mtu wa Kitui, alikusanya hadithi za Wakamba na kitabu chake kikachapishwa Oxford mwaka wa 1966. Tulisimuliwa nyingi za aina hiyo na Susu: za majitu, za sungura. Niliwahi kumwomba anisimulie moja nirekodi kwa simu. Alianza vizuri, akafika katikati, akapotea. Akaniambia, "Soma wewe hiyo ya kwako."

Desemba nilimaliza gemu nyingine, ya 2011, inaitwa To the Moon. Hii hata kulima hakuna. Ni masaa manne matano ya kutembea na kusoma. Madaktari wawili wana mashine ya kuingia kwenye kumbukumbu za mtu anayekaribia kufa ili wampe ndoto yake ya mwisho. Mzee Johnny anataka kwenda mwezini, na mwenyewe hajui kwa nini. Basi madaktari wanaanza na kumbukumbu za juzi, wanarudi nyuma: uzee, ndoa, ujana, mpaka utotoni. Sitakuambia wanapata nini huko.

Niliicheza peke yangu usiku, Susu amelala, kwa sababu ilikuwa inanigusa vibaya. Ilikuwa ni yeye. Daktari wa hospitali tuliyompeleka alikuwa ametuambia kwamba mambo ya karibuni ndiyo yanayotoka kwanza. Na kweli, wiki iliyopita ilikuwa imeenda, mwaka uliopita umeenda, mazishi ya babu ya 2009 yalikuwa yanaenda na kurudi. Lakini mwaka wa 1961 ulikuwa umekaa imara. Alikuwa akitusimulia yua ya ndeke, njaa ya ndege, wakati chakula kilidondoshwa kwa ndege kutoka angani, na jinsi walivyokimbia wakidhani ni vita. Wakamba huzipa njaa zao majina, kama watoto. Na kila jina alilikumbuka.

Sasa kuna jambo moja la kueleza. Mimi ni mtoto wa kwanza wa kiume kwa baba yangu, kwa hiyo kwa desturi yetu nimebeba jina la babu. Ndiyo maana tangu nikiwa mtoto Susu hakuniita mjukuu. Aliniita "mzee wangu." Ni utani wa kawaida kwetu, utausikia boma lolote. Bibi anamwambia mtoto wa miaka minne, "Mzee wangu, mbona hujaniletea sukari?" na watu wanacheka.

Januari 2023, utani ule uliacha kuwa utani. Sijui siku yenyewe. Niliona tu kwamba anaponiita mzee wangu hacheki tena.

Jioni moja nilikuwa kwenye kile kiti. Gemu iko wazi, nimesimama mbele ya hema la Linus. Susu akasema, sauti ya kawaida kabisa, "Nilikuambia ulete unga. Kwa nini ulituma pesa?"

Nikadhani anaongea kuhusu gemu. "Unga gani, Susu?"

"Nilimtuma kondakta akuambie. Mara mbili. Nikasema, mwambie asitume pesa, pesa tunazo, hazinunui kitu. Mwambie alete unga." Akanigeukia na yale macho yenye ukungu. "Ukatuma pesa. Mtoto akaenda nikiwa nimeshika pesa yako."

Hapo nikajua tuko wapi. Njaa ya 1984 Wakamba waliiita Nikw'a Ngwete. Maana yake, nakufa nikiwa nimeshika. Kwamba pesa mkononi uko nayo, lakini chakula cha kununua hakuna. Nilijua jina hilo kama watu wote wa kwetu wanavyolijua, kama kitu cha somo la historia. Nilijua pia kwamba babu alifanya kazi Mombasa miaka hiyo. Kuhusu mtoto sikuwa nimewahi kusikia.

Kwenye gemu za hadithi, mtu akikuuliza jambo zito, skrini inakupa majibu matatu, manne. Unachagua. Mara nyingine hata kunyamaza ni jibu mojawapo. Nimechagua mara mamia, nikiwa nakunywa chai. Sasa nilikuwa nayo hapo mbele yangu. Ningeweza kusema, Susu, mimi si yeye, mimi ni mjukuu wako. Hiyo ndiyo kweli, na siku nyingine nilikuwa nimeisema na akalia kama aliyeambiwa msiba upya. Ningeweza kubadilisha maneno, niseme kesho kuna mvua. Ningeweza kunyamaza, na nikanyamaza kwa muda, muziki wa gemu ukiendelea kwa upole wake.

Yeye alikuwa anangoja. Alikuwa amengoja miaka karibu arobaini.

Nikasema, "Nilikosea. Ningeleta unga."

Hakulia. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei na akaiona ni ya haki. "Haya," akasema. "Muthokoi uko kwenye sufuria. Kula." Akageuka ukutani, akalala.

Sikulala. Asubuhi nilimpigia Anti nikamwambia yote, nikitarajia, sijui, labda asante. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Nani alikupa ruhusa ya kukubali kosa kwa niaba ya baba yangu?"

Akanieleza. Yeye alikuwa darasa la tatu mwaka ule. Mtoto kweli alikuwepo, msichana, alikuwa anaanza kutambaa. Na baba yake, alisema, alitafuta unga Mombasa akakosa, watu walikuwa wanapanga foleni za mahindi ya njano ya nje, naye alikuwa kibarua, akiacha kazi siku mbili anaachishwa. Alituma alichokuwa nacho. Alirudi mazishi yameisha. "Maisha yake yote alilibeba hilo," Anti akasema, "na hakuwahi kusema alikosea, kwa sababu hakukosea. Sasa mama atakufa akijua mume wake alikubali."

Sikuwa na la kumjibu. Bado sina. Nilikuwa nimevaa jina la mtu na kusema kwa kinywa chake kitu ambacho yeye, akiwa na kinywa chake mwenyewe, alikataa kukisema miaka ishirini na mitano. Kwenye gemu ningefunga bila kuhifadhi, nirudi asubuhi ya siku hiyo, nijaribu jibu lingine nione linaleta nini. Nilikaa na simu mkononi nikiliwaza jibu hilo lingine. Na nikiwa mkweli, nikilinganisha yote, nadhani ningesema lile lile. Lakini sina hakika kama ningelisema kwa ajili yake au kwa sababu nilitaka ule usiku uishe.

Ninachojua ni kwamba hakuuliza tena kuhusu unga. Aliuliza kuhusu mvua, kuhusu Linus, kuhusu mbuzi. Kuhusu unga, kamwe.

Anti alikuja Pasaka. Hakunisemesha siku nzima. Jioni akakuta tumeketi kama kawaida, akasimama mlangoni akitusikiliza mimi na mama yake tukibishana kama tununue ng'ombe au tutengeneze daraja. Baada ya muda akavuta kigoda. "Ni ng'ombe wa nani?" akauliza. Susu akamweleza hadithi yote, kijana, barua, shamba. Aliikosea karibu yote. Kwenye hadithi yake, barua ilikuwa imeandikwa na mke.

Mvua ilikuja Oktoba 2023, ile ya El Niño, na ilikuja kama deni lililolipwa na riba. Sehemu nyingi za nchi zilifurika. Kwetu korongo lilibeba ukuta wa choo na kuku watatu, na pia liliacha ndengu zimeota hadi mlangoni. Nilimtoa Susu nje ashike majani. Aliyashika akaniuliza nani amelima. Nikamwambia ni sisi.

Lakini baridi ya mvua ilimwingia kifuani, na Desemba familia ikaamua kwamba ahamie kwa Anti, Kitui mjini, karibu na hospitali. Tukapanda matatu kurudi ile njia, Athi imejaa maji ya kahawia chini ya daraja, Ikutha, Mutomo, Ikanga. Mimi nikapata kazi kwenye saiba pale Kitui, kuchapisha fomu na kusaidia watu na eCitizen. Jioni napita kwa Anti.

Aprili 2024 ilitoka gemu niliyoingoja sana, Tales of Kenzera: ZAU. Ni ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Ndiye sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins. Aliitengeneza kutokana na majonzi ya kumpoteza baba yake. Zau ni kijana mganga anayempa Kalunga, mungu wa kifo, pendekezo: nikuletee roho tatu kuu, unirudishie baba. Na ukitaka, wanaongea Kiswahili. ThinkPad yangu ingeyeyuka, kwa hiyo niliitazama YouTube mtu mwingine akicheza. Nilimwekea Susu nikitegemea jambo kubwa: kwa mara ya kwanza sihitaji kutafsiri. Alisikiliza dakika kumi, kijana akilia na kuruka.

"Anataka nini huyu?"

"Anataka baba yake arudi, Susu. Amekufa."

Akafikiri. "Kwani huyu hana kazi?"

Nilicheka nikamwagika chai. Anti alicheka jikoni. Turudi kwa Linus, akasema.

Tukarudi. Kwa mwendo wetu wa kuketi na kubishana, miaka miwili ya ndani ya gemu ilikuwa imetuchukua karibu miaka miwili ya kweli. Na kwenye Stardew Valley, mwaka wa tatu ukianza, yule babu wa mwanzo anarudi. Anakuja kama kivuli, anaangalia ulichofanya na shamba lake, kisha mishumaa inawaka kwenye madhabahu yake. Minne ukiwa umefanya vizuri sana. Nilijua siku hiyo inakuja na nilikuwa naikwepa. Gemu hiyo haihifadhi kitu mpaka mhusika wako alale, na kwa wiki nzima nilikuwa nafika jioni ya siku ya mwisho ya mwaka wa pili na kufunga bila kulala, narudia siku ile ile kesho yake. Susu hakujua tofauti.

Jumapili moja nikalala. Babu akaja, akasema aliyoyasema. Mishumaa ikawaka.

"Nani huyo?" Susu akauliza. Muziki ulikuwa umebadilika.

"Ni yule babu mwenye shamba. Amekuja kuangalia."

"Amesema nini?"

"Amewasha mishumaa miwili. Kuna minne, amewasha miwili."

Nilikuwa nimeanza kumweleza kwamba unaweza kumwita tena, unampelekea almasi na anakuhesabia upya. Akaniinulia mkono.

"Miwili inatosha," akasema. "Nyumba yetu ilikuwa na mmoja, na tulionana."

Anti alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Hakusema kitu. Akaja akaketi mwisho wa kitanda.

Kisha Susu akageuza uso ukutani, akavuta blanketi. "Mzee wangu," akasema, "kesho kuna mvua?"

Nikaenda kwenye ile runinga, nikaiwasha niangalie.